Feni Isiyo na Hatia

Pikipiki nyingi zinazopanda na kushuka vilima vya Bukoba hazina feni. Boxer, TVS na nduguze hupozwa na mwendo wao wenyewe: silinda imezungukwa na mapezi membamba, upepo unapita katikati yake na kuondoka na joto. Hata ugonjwa wake uko machoni. Ukikuta mapezi yamezibwa na udongo mwekundu, oili imechakaa, na dereva ni wa kung'ang'ania gia kubwa mlimani huku amepakia abiria wawili na mkungu wa ndizi, sababu hujaitafuta na umeshaipata. Osha, badilisha oili, mwambie dereva apunguze gia mapema. Hapo pana kazi, lakini hapana fumbo.

Fumbo liko kwenye toyo. Pikipiki hizi za magurudumu matatu, ambazo wengine huziita guta, ndizo zinazobeba nusu ya maisha ya Kagera siku hizi: ndizi, magunia ya kahawa maganda, saruji, mabati, dagaa wanaopandishwa kutoka Kemondo. Ukitoka Bukoba kwenda Muleba, ukafika Muhutwe na kukata kuelekea Kamachumu, barabara inaanza kupanda, na toyo iliyojaa inapanda nayo kwa mwendo ambao mtoto wa shule anaweza kutembea sambamba nao. Kwa mwendo huo hakuna upepo wa kutegemea. Ndiyo maana nyingi zenye injini ya cc 200 na zaidi zimewekewa maji, rejeta, na kwenye rejeta feni ndogo ya umeme. Maji kwenye pikipiki si jambo la juzi. Pikipiki ya kwanza kuundwa kwa wingi na kuuzwa, ile ya Hildebrand & Wolfmüller ya Munich mwaka 1894, ilipozwa kwa maji, na maji yenyewe yalikaa ndani ya madigadi ya nyuma. Miaka michache baadaye Wilhelm Maybach aliliundia gari la Mercedes la 1901 rejeta ya mirija midogo midogo, elfu kadhaa, na feni nyuma yake. Mpango huo haujabadilika sana tangu hapo. Maji yanachukua joto kwenye injini na kulipeleka kwenye rejeta, hewa inalipokea. Hewa isipokuja yenyewe, feni inaivuta.

Dereva anapofika gereji huwa amekwisha kutoa hukumu. "Fundi, feni imekufa. Nifungie nyingine." Ameona mvuke, amesikia maji yakitokota, ameangalia feni akaiona imetulia. Ushahidi gani mwingine anautaka? Wako mafundi wanaoipokea hukumu hiyo kama ilivyo: wanatuma kijana dukani, feni mpya inafungwa, pesa inalipwa, na toyo inachemsha tena kabla haijamaliza mlima. Fundi ninayetaka kumsifu anafanya kazi yake chini ya mwembe kando ya barabara ya Muleba, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuacha spana zake chini na kuuliza maswali.

Imechemkia wapi, mlimani au tambarare? Ukiwa umesimama au unakwenda? Maji ulikuwa unaongeza kila asubuhi, au leo ndiyo mara ya kwanza? Uliyachota wapi? Dereva hudhani anapigiwa soga mpaka injini ipoe, na kweli injini inapoa, kwa sababu hakuna fundi mwenye akili anayefungua mfuniko wa rejeta ya moto. Wapo watu mjini wenye makovu ya usoni kwa haraka hiyo. Lakini kila swali linaondoa kitu. Toyo inayochemka ikisimama sokoni na kupoa ikikimbia inaelekeza kidole kwenye feni na nyaya zake. Inayochemka hata ikikimbia tambarare haina kesi na feni, maana kwa mwendo ule upepo peke yake ungetosha. Hapo tafuta maji yenyewe, pampu, au uchafu ndani ya rejeta. Na swali la wapi maji yalichotwa linajibiwa na rangi: maji ya mtaroni huacha tope na kutu kwenye mirija, na rejeta iliyoziba nusu haiponywi na feni yoyote.

Baada ya maswali ni mikono. Injini inawashwa, inaachwa ipate moto taratibu, naye anashika mpira wa juu wa rejeta, kisha wa chini. Wa juu ukiwa wa moto na wa chini baridi kabisa, maji hayazunguki. Huenda themostati imeganda ikiwa imefunga, huenda pampu haisukumi, huenda hewa imenasa ndani. Sasa fikiria swichi ya joto, ile inayoiamuru feni iwake, imefungwa chini ya rejeta. Injini inaungua, lakini pale swichi ilipo maji ni baridi. Swichi haijapata habari yoyote ya moto. Feni imekaa kimya kwa sababu aliyepaswa kuiamsha hajaambiwa kitu. Imefanya kazi yake sawasawa, nayo ndiyo inayotaka kung'olewa na kutupwa.

Hewa iliyonasa ina hila hiyo hiyo. Mvuke au hewa ikikaa mahali swichi ilipo, kichwa chake hakiguswi na maji, hata kama maji yamekwisha kuchemka sentimita chache pembeni. Hapa vilima vinamsaidia fundi. Anaisukuma toyo mpaka kwenye mwinuko, pua ikiwa juu, anafungua mfuniko wakati injini bado ni baridi, anawasha, anaongeza maji kidogo kidogo huku akiyaangalia yakitoa mapovu. Mara nyingine toyo inapona hapo hapo, na dereva anaondoka akiwa na mashaka kwamba hakuna kilichofanyika.

Ikiwa maji yanazunguka na bado feni haiwaki, ndipo anageukia umeme, na hapa ndipo napenda ufundi wake kuliko mahali pengine. Anachomoa nyaya mbili za swichi ya joto na kuzigusanisha, ufunguo ukiwa umewashwa. Sekunde moja tu. Feni ikizunguka, kwa tendo hilo dogo ameiondolea lawama feni, fyuzi, rilei, betri na waya wote wa katikati. Kilichobaki ni swichi, au maji yasiyoifikia. Isipozunguka, swichi iko huru na msako unaendelea upande mwingine. Sijui kazi nyingi ambazo tendo moja linafuta maswali mengi hivyo. Fundi wa kubahatisha angebadilisha vitu vitano kwa mpangilio wa bei zake.

Kwenye upande huo mwingine kuna testa, na kuna aibu za watu waliotangulia. Fyuzi iliyoungua imezungushiwa karatasi ya sigara. Soketi imeota kutu ya kijani kwa mvua. Bukoba ni miongoni mwa miji ya Tanzania inayopata mvua nyingi kuliko mingine, na shaba inalijua hilo. Waya wa ethi umefungwa juu ya rangi, hivyo moto unafika kwenye feni lakini hauna njia ya kurudi. Feni yenyewe huanza kushukiwa kweli pale tu moto umefika, ethi ni safi, nayo bado imegoma. Hata hapo anaizungusha kwanza kwa kidole, ufunguo ukiwa umezimwa, kwa sababu udongo ulioingia kwenye bushi unaweza kuikaba bila kuiua. Kisha kuna kichekesho ambacho nilifundishwa na karatasi. Feni inawaka vizuri, inanguruma, na toyo bado inachemsha. Fundi anashika kipande cha gazeti mbele ya rejeta. Badala ya kunata, kinasukumwa nje. Mtu aliyeifunga alibadilisha nyaya, feni inazunguka kinyume, inapuliza mbele kushindana na upepo wa njiani.

Lipo jambo moja ambalo kitabu cha maelekezo kutoka kiwandani hakimwambii fundi wa Bukoba. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji hayangoji nyuzi 100. Yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na juu Kamachumu mapema zaidi kidogo. Mfuniko wa rejeta ndio unaookoa hali, kwa kubana maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Raba yake ikichoka, gharama ndogo kuliko zote katika mfumo mzima, na swichi ikiwa ya nyuzi za juu, maji yanachemka na kumwagika kabla hayajafika joto la kuiamsha. Feni haiwaki, na haitawaka. Na ukitaka kuipima swichi kwa kuichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, kama wengi wafanyavyo, angalia kwanza namba iliyoandikwa kichwani mwake. Zipo za nyuzi 85, zipo za 95, zipo zinazozidi 100. Hiyo ya mwisho ukiichemsha kwenye maji matupu hapa Bukoba hutaisikia ikibofya hata mkaa uishe, nawe utaitupa ikiwa nzima. Fundi wangu hutumia mafuta ya kula. Hajawahi kunieleza habari za kimo cha ziwa. Aliniambia tu kwamba maji ya hapa "hayafiki".

Joto katika nchi hii lina wasomi wake wa zamani. Toyo zinazopakia dagaa Kemondo zinapita karibu na mahali ambapo wanaakiolojia walifukua mabaki ya matanuri ya chuma yenye umri wa miaka 1,500 na zaidi. Katika miaka ya 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya, waliokuwa wameacha kazi hiyo kwa miongo kadhaa, wajenge tanuri upya na kuyeyusha chuma. Wazee wakatumia udongo wa kichuguu, wakajaza shimo matete ya bwawani yaliyochomwa, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani ya tanuri, wakavuta mivukuto. Makala ya Schmidt na Avery ilitoka katika jarida la Science mwaka 1978: joto ndani ya tanuri lilipita nyuzi 1,800, na wao wakadai kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kuufikia mkaa. Wataalamu wengine walibishana nao kuhusu dai hilo, na ubishi wao ni halali. Mimi kinachonishika ni kitu kingine. Wale wazee walijua hewa iingilie wapi, ipite umbali gani, itokee wapi, na hawakuwa na kipimajoto. Wao walitaka joto libaki ndani. Fundi wa toyo anataka litoke. Lakini wote wanafanya kazi na kitu kisichoonekana, na wote wanakitambua kwa njia zake: kiliingilia wapi, kimezuiwa wapi.

Ndiyo sababu sivumilii ule mtindo wa kuunga feni moja kwa moja. Swichi ya joto inatupwa, waya unavutwa hadi kwenye usukani, dereva anawekewa kitufe cha kuwasha feni anapokumbuka. Themostati nayo inang'olewa, "haina kazi huku kwetu". Najua hoja yao: spea halisi hazipatikani, mzigo unangoja, mkulima wa Rubya hana muda wa falsafa. Njiani usiku, ningeunga hivyo hivyo. Lakini mpango wa dharura ukigeuzwa kuwa matengenezo, asubuhi za baridi injini inakwenda haijapata moto na kunywa mafuta zaidi, mchana dereva anasahau kitufe, na jioni gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo hata fundi hodari anakuwa hana la kusoma, kwa sababu dalili zote zimekwisha kukatwa pamoja na nyaya.

Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chuo cha VETA cha Mkoa wa Kagera, pale Burugo, kilichojengwa kwa msaada wa China, huko huko zinakotoka injini nyingi za toyo. Ni habari njema. VETA pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza mitaani, na wa chini ya mwembe wanaustahili.

Cheti, hata hivyo, hakitamaliza ugomvi wa malipo. Nilikuwapo siku dereva mmoja alipogoma. Toyo yake ilikuwa imepona kwa kusafisha ethi na kubadilisha mfuniko wa rejeta.

"Umenifungia nini cha bei hiyo?" akauliza.

"Mfuniko umeuona. Kingine ni ufundi."

"Ufundi gani, kaka, wakati umeshika mipira tu na kuuliza maswali?"

"Ungekuja na feni mpya ningekufungia," fundi akasema, "ungenilipa bila kuuliza, na kesho ungekuwa hapa unachemsha."

Dereva akatoa nusu, akaahidi nyingine akishauza ndizi zake mnadani. Fundi akakubali, akaandika jina lake kwa chaki kwenye ubao wa madeni, chini ya majina ya wengine waliopona bila kununua feni.