Mkono Upimao Dawa

Katika mtaa wa Wachina ulioko Soho, mjini London, nyuma ya mikahawa inayotundika mabata ya kuokwa madirishani, yangaliko maduka machache ya dawa ambamo tabibu husimama mbele ya kabati kubwa la saraka ndogo ndogo, wala hana haja ya kusoma majina yake, kwa kuwa mkono wake umekwisha kuzijua zote. Aingiaye humo mwezi wa Desemba, akiwa na kikohozi kisichokatika au baridi iliyomwingia mifupani, hapewi dawa papo hapo. Huketishwa kwanza, akashikwa mshipa wa mkono wa kulia na wa kushoto kwa vidole vitatu, akatazamwa ulimi, akaulizwa alavyo na alalavyo, na kama miguu yake hupoa usiku. Na hapo ndipo tabibu huinuka, akaitwaa mizani yake, ambayo ni ufito mwembamba wenye kisahani upande mmoja na jiwe dogo lisogezwalo upande wa pili, akaanza kupima.

Nimemtazama mmoja wao mara nyingi, na kila mara nimeona taadhima ikinijia. Hutandaza karatasi mezani, moja kwa kila siku ya tiba, akazigawia mizizi, magome na matunda makavu kwa uadilifu wa kadhi agawaye mirathi, kisha huzirudia tena moja moja, kutazama kama kipande cha mzizi wa huangqi kimezidi huku, au kama kule zimepungua zile kunazi nyekundu za kwao, jamaa ya kunazi zetu za pwani. Hakuna amhimizaye, naye hamhimizi mtu.

Katika saraka zile zote, nipendayo zaidi ni ile ya maganda ya machenza. Kwetu Unguja ganda la chenza hutupwa pale pale lilipomenywa tunda, wala hapana alikumbukaye tena. Wachina huliokota, wakalianika juani, wakaliweka mahali pakavu na kulilinda mwaka baada ya mwaka, na yale yatokayo Xinhui, katika jimbo la Guangdong, hayahesabiwi kuwa yameiva mpaka yatimize miaka mitatu, na kila yazidipo kukaa ndivyo thamani yake izidivyo kupanda. Tabibu alinipa moja ninuse: lilikuwa gumu, jeusi jeusi, na harufu yake ilikuwa ya ndani sana, si ukali wa tunda bichi. Alilitia katika dawa ya kifua changu pamoja na tangawizi kavu, na nilipokuwa nikiichemsha usiku ule nilifikiri juu ya mtu nisiyemjua, aliyelianika ganda lile kwa ajili ya mgonjwa ambaye yeye naye hatamjua kabisa.

Subira hiyo ndiyo roho ya tiba yao ya majira ya baridi. Huangdi Neijing, kitabu chao cha kale kilichokusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita, kinaihesabu miezi mitatu ya baridi kuwa ni miezi ya kufunga na kuweka akiba: mtu alale mapema, asiamke mpaka jua litoke, ajikinge na baridi, wala asitokwe na jasho jingi likamwondolea joto lililo ndani. Laiti nasaha hiyo ingesikilizwa London, ambako mwishoni mwa Desemba jua hutoka baada ya saa mbili za asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi za alasiri! Mtu hutoka nyumbani gizani akarudi gizani, akafanya kazi kana kwamba ni Juni, na mafua yakimwangusha humeza kidonge ili asiikose kazi hata siku moja. Mchuzi wa kondoo wenye tangawizi na mzizi wa danggui, aliouandika tabibu Zhang Zhongjing mwishoni mwa dola ya Han, wazee wa Kichina wangali wakiupika. Wangali pia wakiitia miguu yao katika maji ya moto kabla ya kulala.

Hayo si mageni kwetu. Matabibu wa pwani, waliopokea kwa Waarabu tiba ya Wayunani, nao walipambanua vyakula vya baridi na vya moto, na bibi zetu walijua pasi na kitabu chochote kuwa mzazi hupewa uji wa pilipili manga. Hata ubani, uliokuwa ukichukuliwa kwa majahazi karne nyingi kutoka Dhofar na pwani ya Wasomali hadi China, una saraka yake katika kabati lile.

Wako wasemao kuwa dawa hizi ni hatari, na ushahidi wanao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Ubelgiji, zaidi ya wanawake mia moja waliotaka kupunguza unene waliharibikiwa figo, kwa kuwa mzizi mmoja ulitiwa mahali pa mwingine ndani ya vidonge vya mizizi iliyokwisha kusagwa, ambamo jicho la mjuzi halikuweza tena kuona kitu. Baada ya msiba huo, mwaka 1998, bustani ya mimea ya Kew, mjini London, iliweka kituo cha kuhakikisha mimea ya dawa za Kichina. Na tangu 30 Aprili 2011 sheria ya Uingereza imezuia dawa za viwandani zisizosajiliwa, ikamwacha tabibu amchanganyiaye mgonjwa aliyeketi mbele yake. Naiona sheria hiyo kuwa ya haki. Lakini sheria haiwezi kumzuia mgonjwa kuomba unga wa kukorogwa katika kikombe kwa kuwa hana nafasi ya kuchemsha, wala kumpa tabibu mzee kijana wa kuirithi mizani yake.

Basi, ewe ndugu msomaji ukaaye ughaibuni, baridi ikikushika, kaketi mbele ya mjuzi, umweleze na dawa zote unazopewa hospitali, kisha uchemshe ulichopimiwa. Na kama bibi yako yu hai, Mombasa au Unguja, mpigie simu leo umwulize vipimo vya dawa zake, na uviandike.