Tarakimu ya Mwisho

Kompyuta ya ofisi imepandishwa toleo, kutoka Ubuntu 20.04 hadi 22.04. Asubuhi programu ya mahesabu haifunguki. Anaitwa fundi, anapiga format, anarudisha mafaili, na ikifika saa nane mchana kila kitu kinafanya kazi. Bosi anampa mkono, wahasibu wanamwita mchawi. Hakuna aliyeuliza kilichoharibika, na yeye mwenyewe hakijui. Huko ni kulipua kazi.

Fundi wa kweli hutambulika kabla hajagusa kitu. Hufungua /var/log/apt/history.log aone kipi kiliingia, kipi kilitolewa, na saa ngapi. Huiwasha programu kwenye teminali na kusoma kosa la kwanza, kwani yanayofuata aghalabu ni watoto wa lile la kwanza. Hupekua /etc kutafuta mafaili yenye mkia wa .dpkg-dist. Huandika kwenye daftari la karatasi. Na teminali yake haina mapambo ya rangi. Hilo halina mjadala.

Lakini wanagenzi wote huipita tarakimu. Katika libssl.so.1.1, maktaba ya OpenSSL, ile 1.1 si urembo. Ni ahadi kwamba programu iliyojengwa juu ya maktaba hiyo itaikuta milango ileile mahali palepale. Ubuntu 22.04, iliyotoka Aprili 2022, ilikuja na OpenSSL 3: libssl.so.1.1 ikatoka, libssl.so.3 ikaingia. Tarakimu ikibadilika, ahadi ya zamani imekwisha, na wenye maktaba wametangaza hivyo kwenye jina lenyewe. Amri moja tu ya ldd huonyesha maktaba ambayo programu inaitafuta na haiipati.

Mlipuaji akiiona tarakimu hiyo hufunika kombe. Kwa ln -s anaivisha libssl.so.3 jina la marehemu. Mfumo haudanganyiki: unatafuta alama ya OPENSSL_1_1_0 ndani ya maktaba, hauioni, unagoma. Basi anashusha kifurushi cha toleo la zamani na kukipachika kwa nguvu. Programu inafunguka, makofi yanapigwa. OpenSSL 1.1.1 iliacha kupata marekebisho ya bure ya usalama kutoka kwa waundaji wake tarehe 11 Septemba 2023, na kifurushi kilichookotwa namna hiyo hakisasishwi na mtu. Fundi angetafuta programu iliyojengwa kwa OpenSSL 3. Akiikosa, angeifungia ya zamani ndani ya kontena.

Pacha wa mlipuaji huyo ni yule anayeandika --break-system-packages kila pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, inapomkatalia kwenye Debian 12. Amri inakiri kwa jina lake inachokuja kuvunja, naye anabonyeza Enter.

Kuna siku tarakimu haibadiliki na programu inaharibika vilevile. Mwaka 2010, kwenye Fedora 14, sauti ya Flash ilianza kukwaruza. Maktaba ya C ilikuwa bado libc.so.6. Linus Torvalds, baba wa Linux, hakupiga format. Alishuku memcpy, sehemu ya maktaba hiyo inayonakili data, akaandika memcpy yake ndogo, akaitanguliza kwa LD_PRELOAD, na sauti ikatulia. Memcpy mpya ilikuwa inanakili kwa mpangilio tofauti ili kuongeza kasi, na Flash ilikuwa inaitumia kinyume cha kanuni. Mwaka 2011 toleo jipya la maktaba hiyo, glibc 2.14, liliipa memcpy alama yake mpya ili programu za zamani ziendelee na ile ya zamani. Jaribio dogo, mshukiwa mmoja, jibu moja: kazi safi huwa hivyo.

Waliopitia Debian 2.0 mwaka 1998, mfumo mzima ulipohama kutoka libc5 kwenda libc6, wanayajua haya bila kuambiwa. Vifurushi vilipandishwa kwa mpangilio maalumu, na aliyekurupuka aliharibu mashine. Watu walisoma maelezo ya toleo kwanza. Siku hizi wanabonyeza Y huku wakitazama simu.

Mwenye ofisi na amuulize fundi wake swali moja kabla ya kutoa hela: maktaba ipi imebadilika, kutoka tarakimu gani hadi gani? Anayejibu "sasa inafanya kazi" alipwe nauli tu.