Kusuka na Kunyoa

Msusi hatazami vidole vyake. Macho yanaweza kuwa mlangoni yakimtafuta mteja mwingine, au kwa jirani anayesimulia ya jana, na vidole vinaendelea na kazi: uzi wa kulia juu ya wa kati, wa kushoto juu ya wa kati, kaza, shuka. Nilikaa zaidi ya saa nne kwenye benchi moja la Soko la Kenyatta nikivitazama. Nilikuwa nimemsindikiza mpwa wangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na sasa alitaka rasta ndogo zisizo na fundo, za kufika kiunoni. Nilibeba kitabu cha kupitishia muda. Sikufika ukurasa wa pili.

Soko lenyewe halina haja ya kutambulishwa kwa mtu wa Nairobi. Liko upande wa Hospitali ya Kenyatta, jirani na mitaa ya Golf Course na Ngumo, na Kibera haiko mbali. Lina sifa mbili: nyama choma na nywele. Wa nyama hufuata moshi. Wa nywele hafuati chochote, maana wasusi humfuata yeye tangu anaposhuka kwenye matatu: “Anti, unasukwa? Rasta ama matuta? Kuja nikuonyeshe!” Mgeni huona fujo tupu. Lakini fujo hiyo ina mpaka, na mpaka wake ni kiti. Ukishaketi na taulo likatandazwa mabegani, sauti hushuka, na mikono huanza.

Mama aliyempokea mpwa wangu alikuwa mtu wa makamo, na wote kibandani walimwita Mama tu, nami nikamwita hivyo. Kabla ya kusuka, alipasua njia. Alishika kichana chenye mkia mwembamba kama kalamu, akauvuta mkia huo kutoka paji la uso hadi utosini, na ngozi ikaonekana, mstari mmoja mweupe ulionyooka bila rula. Akapasua wa pili, kisha akakata mraba, kisha mraba mwingine chini yake. Nilidhani angeipanga miraba ile kwa safu, mmoja chini ya mwenzake. Haikuwa hivyo. Kila safu aliisogeza nusu, kama fundi wa mawe anavyopanga ukuta, kiungo cha juu kisikutane na kiungo cha chini. Nilipomuuliza sababu alinijibu bila kugeuka: “Zikipangwa moja kwa moja, akiinama utaona kichwa chote.” Ndipo nikaelewa kwamba kazi hii hupangwa kwa ajili ya mtu atakayesimama nyuma ya msichana huyu wiki mbili baadaye, kwenye foleni au kanisani, ambaye msusi hatamwona kamwe.

Mpiga picha wa Nigeria, J. D. ’Okhai Ojeikere, alianza mwaka 1968 kupiga picha za misuko ya wanawake wa nchi yake, akafikisha karibu picha elfu moja, nyingi zikiwa za kisogo, uso hauonekani. Nilipoziona mara ya kwanza nilijiuliza mbona amewaficha wenyewe. Pale kwenye benchi swali hilo lilinitoka. Ukitaka kuuona mkono wa msusi, simama anaposimama yeye.

Baada ya njia huja mvuto, na hapa ndipo msusi hodari hujitenga na msusi wa kawaida. Rasta yenye fundo huanza na uzito wote kwenye shina. Isiyo na fundo huanza na nywele za mwenyewe peke yake, matabaka matatu membamba, na baada ya mapishano mawili au matatu kidole cha kati huchota uzi kidogo wa nywele za kuongeza na kuuingiza katikati, kisha mwingine, kisha mwingine, hadi rasta ipate unene wake bila jicho kujua ilipata wapi. Akikaza mno, nywele za pembeni hukatika na paji hurudi nyuma mwaka hadi mwaka. Akilegeza, rasta huteleza kabla mwezi haujaisha. Wateja wana neno lao kwa hili: husema fulani ana mkono mgumu, fulani ana mkono mwepesi. Mkono wa Mama ulikuwa mwepesi. Mpwa wangu alisinzia.

Wala haikuwa mikono miwili tu. Kwa kawaida ya soko hili, kichwa kimoja hushikwa na wasusi wawili, watatu, hata wanne, ili kazi ambayo ingekula mchana kutwa iishe kwa saa chache. Mama alikuwa mbele, msusi wa pili ubavuni, na kisogoni msichana mdogo aliyekuwa bado anajifunza. Anayejifunza huanzia kisogoni, mahali kosa linapofichwa na rasta za juu. Linalonistaajabisha hadi leo ni kwamba watu watatu, kila mmoja na vidole vyake, walitoa rasta zinazolingana. Hawakupimana kwa maneno. Mara moja tu Mama alipitisha kiganja nyuma ya kichwa, akaigusa rasta moja ya yule msichana, akaifumua taratibu hadi kwenye shina, akamwachia. Hakusema neno. Msichana akaisuka upya.

Kiswahili kimeipa kazi hii nafasi kubwa. Kitenzi kile kile cha nywele ndicho cha ukili na kikapu, na ndicho cha mipango na hila. Na mtu anayesitasita tunamkata kauli: uamue, kusuka au kunyoa. Tunasema hivyo kana kwamba ni njia panda, ukishika moja umeiacha nyingine. Nikiwa pale niliwafikiria watu ambao kwao kusuka na kunyoa ni safari moja, na wanaoisafiri ni mashujaa.

Kwa desturi ya Wamasai, mwenye nywele ndefu ni morani. Mama yake amenyoa, baba yake amenyoa, dada yake amenyoa. Kijana akishatahiriwa na kupona huziacha nywele zikue, na zikishashikika rika lake huanza kuzisokota: vijiuzi vyembamba, kimoja kimoja, vikirefushwa kwa nyuzi, vikipakwa mafuta ya mnyama na udongo mwekundu. Udongo huo wanauita olkaria, na jina hilo limebaki kwenye vilima vya Olkaria kule Naivasha, ambako leo mvuke wa ardhini unazalisha umeme. Nywele za nyuma hukusanywa zikashuka mgongoni, za mbele zikaletwa juu ya paji. Hawezi kujisokota mwenyewe. Aliyetahiriwa pamoja naye ndiye hukaa nyuma yake kwa saa nyingi, na siku nyingine hubadilishana nafasi.

Tumezoea kumsifu morani kwa mkuki, ngao na simba. Picha za kalenda zimetulea hivyo. Mimi ninamsifu pia kwa kukaa. Mtu aliyefunzwa kutomgeuzia adui mgongo anamgeuzia mwenzake shingo, anatulia, na jua linapita juu yao. Naamini urafiki wa rika unaosifiwa katika vita ulianzia hapo, kwenye vidole vinavyotafuta shina la nywele, mapema kabla ya vita vyovyote.

Kisha huja siku ya kunyoa. Kwenye sherehe ya Eunoto morani huketi, na mama yake mzazi ndiye humnyoa. Wako vijana waliotetemeka na kulia siku hiyo, watu ambao hawakulia walipotahiriwa. Kazi ya miaka ya mikono ya rafiki huondolewa asubuhi moja kwa mkono wa mama, na anayeinuka ni mtu mwingine, anayeanza kuelekea utu uzima. Enkipaata, inayowaandaa wavulana, Eunoto hii, na Olng’esherr, inayowaingiza katika uzee, ziliorodheshwa zote tatu na UNESCO mwaka 2018 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Olng’esherr ni sherehe ya kula nyama. Mnamo Septemba 2020 maelfu ya wanaume walikusanyika kwenye vilima vya Maparasha, Kajiado, kwa sherehe hiyo. Nilipolikumbuka jambo hili nilicheka peke yangu kwa furaha, kwa kuwa moshi wa mbuzi ulikuwa ukipita juu ya kichwa cha mpwa wangu na kuingia katika nywele zake mpya. Nywele na nyama, chini ya mabati yale yale.

Mji huu nao una jina la Kimaa, Enkare Nairobi, maji baridi, na nyanda zake zilikuwa malisho. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamasai katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Wa 1911 ukawatoa Laikipia pia. Ardhi ilikwenda. Ujuzi haukwenda. Mtu akitembea Dar es Salaam au Zanzibar leo atawaona vijana wa Kimasai, shuka begani, wakiwasuka wanawake chini ya mti au barazani, na wateja wanaagiza rasta za Kimasai kwa jina hilo. Kijana aliyetoka bomani bila cheti chochote amekuja mjini na vidole alivyofunzwa na rika lake, na mji mzima umekubali kumpa kichwa.

Kenya ina mashujaa wengine ambao nywele zao zilikua kwa njia tofauti kabisa. Nywele za wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau hazikusukwa na mtu. Zilisokotwa na mvua ya msitu wa Nyandarua, jasho na kukosa wembe, hadi zikawa alama. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na sanamu yake, iliyosimama tangu 2007 katika mtaa wenye jina lake katikati ya jiji, inazo nywele hizo katika shaba. Miongoni mwa waliokuwa naye ni Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyepata cheo cha Field Marshal, aliyebaki msituni hadi uhuru wa 1963. Kimathi alimpa jina la Thonjo, yaani mnana, ndege yule anayesuka kiota chake, kwa sababu ya ustadi wake wa kusuka mipango ya vita. Alitoka msituni, lakini nywele hakuzitoa. Alizeeka nazo, zikawa ndefu na nzito, nchi ikipita mbele yake rais baada ya rais. Mnamo Aprili 2022, Nyeri, alikubali zinyolewe, na aliyeshika mkasi ni Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza. Muthoni alifariki Septemba 2023. Kila ninapolisikia jina la soko hili huikumbuka picha ya siku ile: wanawake wawili wazee, mmoja ameketi, mwingine amesimama juu yake, na kati yao nywele za vita vya miaka ya hamsini.

Kibandani kazi ilikuwa inaelekea ukingoni. Wale watatu walikuwa wamekutana utosini, kila mmoja akitoka upande wake. Msusi wa pili akaleta maji ya moto, taulo likakunjwa mgongoni, ncha za rasta zikachovywa, mvuke ukapanda, zikatoka zimelala laini na kushikana. Mpwa wangu alisimama polepole kama mtu anayejifunza uzito mpya. Akatikisa kichwa. Rasta zote zikaenda upande mmoja na kurudi pamoja.

Nililipa, lakini sikuondoka mara moja. Kinyozi hajinyoi, na msusi naye hajisuki. Mama alifagia nywele zilizodondoka, akaketi kwenye kiti kile kile, akafungua kitambaa. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa tangu asubuhi, zikisubiri zamu. Alimwita yule msichana wa kisogoni. Msichana alijipanga nyuma yake kwa mazoea, naye Mama akamwambia, “Hapana. Anzia mbele.” Kisha akafumba macho. Msichana alikipangusa kichana kwenye aproni yake, akazunguka, akaweka ncha ya mkia katikati ya paji la uso la mwalimu wake, akapasua njia.