Mraba Mweusi Chini ya Alama ya Reli

Jumanne, tarehe 2 Juni 2020, siku nane baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, Instagram ilijaa miraba myeusi. Wazo lilitoka kwa wanawake wawili wa tasnia ya muziki Marekani, Jamila Thomas na Brianna Agyemang, waliotaka biashara hiyo isimame siku ile. Lilipowafikia watu wengine lilibaki picha tu: weusi mtupu, na chini yake alama ya reli.

Kwa umbo lake, picha ile ni kazi nzuri. Mtandao uliojengwa kwa ajili ya macho unanyimwa cha kutazama. Kasoro iko kwenye mstari wa chini. Wengi hawakutosheka na #BlackoutTuesday, wakaongeza #BlackLivesMatter.

Tazama sarufi ya alama hizo. Ya kwanza ni jina la siku. Ya pili ni sentensi kamili, yenye kiima na kiarifu, iliyobanwa bila nafasi. Ilizaliwa 2013, George Zimmerman alipoachiwa huru katika kesi ya kifo cha Trayvon Martin, na waandamanaji wakaifanya kibwagizo barabarani. Sentensi ya namna hiyo humtaka anayeisikia aitikie, na waliobandika miraba waliitikia. Kwa mtambo, hata hivyo, hiyo ilikuwa anwani, na kila kilichoibeba kilipelekwa hapohapo. Aliyeifungua akitafuta habari za maandamano, michango au mwenendo wa polisi alikuta weusi juu ya weusi.

Matumizi mabaya tuliyoyazoea ni ya mchuuzi. Februari 2011, Misri ikiwaka, mbunifu wa mavazi Kenneth Cole aliipachika #Cairo ndani ya sentensi ya kutangaza nguo zake mpya. Hila ile inaonekana waziwazi: alama imekaa kama nomino ya kawaida, inamvuta anayefuatilia uasi na kumtua dukani. Alilaumiwa, akafuta, akaomba radhi.

Mraba unauma zaidi, maana hakuna aliyekuwa akiuza kitu. Alama ya reli inasema na kuelekeza kwa pumzi moja, wala haimpi mwandishi nafasi ya kuchagua kazi mojawapo. Kwa hiyo siwezi kukubali utetezi wa nia njema. Anayeandika anawajibika pia kwa mahali maneno yake yanapotua, hasa pale ambapo mwingine anapasubiri kwa usalama wake.

Siku hiyohiyo wanaharakati waliomba watu waiondoe sentensi na kuuacha mraba. Wameuhariri vizuri kuliko mhakiki yeyote, kwa sababu picha na maelezo yake vilikuwa vinapingana tangu mwanzo: mraba unasema ninanyamaza ili wengine wasikike, na kibwagizo chini yake kinasimama mbele ya haohao wengine. Ukibaki na jina la siku peke yake, mraba unanyamaza kweli.