Mwanafunzi Nyuma ya Nondo



Sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili hatuhitaji kuambiwa kwamba kalamu hufanya kazi hata gerezani. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kati ya 1969 na 1972. Tungo za Sauti ya Dhiki aliziandika humo kwa siri, juu ya karatasi za chooni, na kitabu kikachapishwa mwaka 1973. Lakini yeye alipambana na gereza hata akaandika. Je, gereza likifungua mlango wenyewe, mwalimu akaingia na vitabu na mfungwa akatoka na shahada, itakuwaje?

Ndilo swali la filamu College Behind Bars ya Lynn Novick, iliyoonyeshwa na televisheni ya PBS hapa Marekani Novemba 2019. Ina sehemu nne, jumla ya saa nne. Inawafuata wanafunzi wa mpango wa Chuo cha Bard, ulioanzishwa mwaka 1999, katika gereza la wanaume la Eastern na la wanawake la Taconic, jimboni New York. Tumeitazama kwa mara ya pili, na tuna sifa za kuitolea pamoja na lawama.

Sifa kwanza. Filamu hii inaonyesha jasho. Mfungwa hapewi shahada ya kuonewa huruma. Anasoma huku wenzake wakipiga kelele, hana intaneti, kitabu anakiomba kisha anasubiri, na mwisho anaitetea tasnifu yake mbele ya maprofesa. Makosa yaliyowapeleka ndani hayafichwi, wala hawasafishwi wakawa malaika. Tunakutana na watu wazima wanaojifunza kufikiri, na baadhi yao, kadiri wanavyosoma, ndivyo wanavyozidi kulitazama kosa lao bila kisingizio.

Kuna pia ule mdahalo wa Septemba 2015, ambapo wafungwa wa Eastern waliwashinda wanafunzi wa Harvard. Dunia ilishangilia matokeo. Sisi tulivutiwa zaidi na hoja. Walipangiwa kutetea kwamba shule za umma ziruhusiwe kuwakataa watoto wasio na makaratasi ya uhamiaji. Kwetu sisi wahamiaji hilo ni jambo linalouma, na wao wenyewe hawakuliamini. Wakaishika hoja ya mpinzani wao wakaipima mpaka ndani. Kama hiyo si elimu, basi hatujui elimu ni nini.

Sasa lawama. Kamera imekaa na walioingia darasani. Wakati ule mpango ulikuwa na wanafunzi wapatao 300, katika jimbo lenye wafungwa makumi ya maelfu. Walioomba wakakosa nafasi, na walio katika magereza yasiyo na chuo chochote, hatupati kuishi nao. Mtazamaji anaweza kuinuka akidhani kilichokosekana kwa hao wengine ni bidii. La hasha! Kilichokosekana ni mlango.

Mlango huo ulifungwa kwa sheria. Mwaka 1994 Bunge la Marekani liliwanyima wafungwa ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kwa wanafunzi wasio na uwezo, na vyuo vingi vikaondoka magerezani. Ilisemwa kwamba wafungwa wanawala watoto wa maskini fedha zao, ilhali fungu lao lilikuwa chini ya asilimia moja ya ruzuku yote. Sheria ya kuwarudishia ilipitishwa Desemba 2020, ikaanza kutumika Julai 2023. Hata hivyo fedha peke yake haitoshi. Lazima kipatikane chuo kilicho tayari kufundisha humo, idara ya magereza ikikubali, na wizara ya elimu iidhinishe.

Ndugu zetu, mbona tunalileta jambo hili katika ukurasa wa fasihi? Kwa sababu linatuhusu. Katika jumuiya yetu yuko mama ambaye kwa miaka aliulizwa habari za mwanawe, naye akijibu, "Yuko masomoni, jimbo jingine." Kijana alikuwa gerezani. Wengi wetu tulijua, tukaitikia "Alhamdulillahi" na kubadili mazungumzo. Tulidhani tunamsitiri mama, kumbe tunajisitiri wenyewe. Tunachanga kwa harusi na kwa msiba, lakini kwa yule kijana hakuna aliyechanga hata bei ya kamusi.

Gereza alilokuwamo halikuwa na chuo. Lingekuwa nacho, jibu la mama yake lingekuwa la kweli.

Itazameni filamu hii, na mkimaliza msiishie kusifu. Mwenye ndugu ndani na aulize kama kuna chuo kinachofundisha pale, na utaratibu wa kuomba ni upi. Anayetaka kupeleka kitabu aulize kwanza masharti, maana magereza mengi hutaka kitoke moja kwa moja kwa muuzaji. Na tukikutana na mama yule, tumuulize habari za mwanawe kwa jina lake, kisha tumsikilize.