Mafundi wa Wimbi

Kazi huanza kwa kutafuta. Magharibi mwa Rasi ya Antaktika, wakati wa kiangazi cha kusini, bahari hujaa mabapa ya barafu yanayoelea, na orka hutawanyika katikati yake, kila mmoja na njia yake. Wengi humwita mnyama huyu nyangumi muuaji, ingawa kwa nasaba ni pomboo, mkubwa kuliko pomboo wote. Kwanza huonekana pezi la mgongo, kisha mvuke wa pumzi, kisha mgongo wa kijivu uliopakwa umanjano na utando wa mwani mdogo mno unaoota juu ya ngozi. Halafu anazama tena. Hana papara.

Akifika kwenye bapa lenye sili, orka husimama wima majini na kuinua kichwa pole pole. Anayemtazama kwa mara ya kwanza hudhani baka jeupe la kichwani ndilo jicho. Jicho lenyewe ni dogo, jeusi, limekaa mbele kidogo ya baka na chini yake, na orka hujiinua mpaka hapo, kiasi cha kuona tu. Hutulia sekunde chache akimkagua aliyelala juu ya barafu. Kisha hushuka, akazunguka, akachungulia tena kutoka upande mwingine.

Anachokagua ni aina ya sili. Januari 2009 watafiti Robert Pitman na John Durban waliyafuata makundi matatu ya orka hawa na kuwatazama kwa zaidi ya saa 75. Katika sili 365 waliowatambua juu ya barafu, asilimia 82 walikuwa sili wala-kaa, ambao licha ya jina hilo chakula chao hasa ni uduvi. Sili wa Weddell walikuwa asilimia 15 tu. Hata hivyo, kati ya sili 15 waliouawa na kutambuliwa, 14 walikuwa wa Weddell. Sili mla-kaa ni mwepesi na mkali wa meno. Orka humchungulia, akampita. Kabla wimbi la kwanza halijainuka, uteuzi umeshafanyika, na umefanywa kwa jicho.

Akipatikana anayefaa, wenzake hukusanyika. Sasa vichwa viwili, vitatu, vinne huchomoza kuzunguka bapa, na kinachopimwa safari hii ni barafu. Ina upana gani? Imezungukwa na maji wazi au na vipande vidogo vilivyosongamana? Vipande hivyo huvunja nguvu ya wimbi, kwa hiyo mahali pa kazi husafishwa kwanza: orka huliegemea bapa kwa vichwa na kulisukuma, pamoja na sili wake, hadi kwenye maji yenye nafasi. Sili huinua shingo, akatazama huku na huku. Bado hakuna aliyemgusa.

Halafu waundaji wa wimbi hujitenga na kwenda mbali kidogo. Ukiwa kwenye mashua unaweza kudhani wamekata tamaa. Kumbe wanajipa nafasi ya kushika kasi. Hugeuka pamoja, wakajipanga bega kwa bega, mara wawili, mara watano au zaidi, wakaelekea kwenye bapa wakiogelea chini kidogo ya uso wa maji. Mikia hupiga kwa mpigo mmoja. Akitangulia mmoja au akichelewa, nguvu hutawanyika na wimbi huwa mapovu tu. Wakienda sawa, maji yaliyo juu yao huinuka yakawa kigongo kinachokaribia mita moja, na mbele ya kigongo hutangulia bonde. Wanapolifikia bapa hupiga mbizi chini yake. Barafu huinama kuelekea bondeni, kisha kigongo huipanda na kufagia kilichopo juu.

Wimbi lenyewe huchukua sekunde chache, na si wimbi la namna moja. Bapa likiwa kubwa, msukosuko hupelekwa chini yake, barafu ipinde na kupasuka, sili abaki na kipande kidogo zaidi. Bapa likiwa dogo, maji huvunjikia juu yake moja kwa moja. Barafu ikishabadilika, kipimo cha kazi nacho hubadilika.

Baada ya kila wimbi, vichwa huchomoza tena. Hatua hii ndiyo inayonistaajabisha kuliko zote, kwa sababu ndiyo rahisi kurukwa. Sili ameanguka? Amerudi kupanda? Bapa limesogea kwenye vipande vidogo? Wanaangalia, wanalisukuma tena ikibidi, wanarudi kule mbali kuanza upya. Pitman na Durban walihesabu mawimbi 120 katika mashambulizi 22. Shambulizi lililofanikiwa lilihitaji kwa wastani mawimbi manne, na mashambulizi yalidumu kwa wastani nusu saa. Moja lilifika dakika 62. Kati ya sili wa Weddell 16 walioshambuliwa, 12 walikamatwa.

Hata sili akishaanguka majini, pupa haijaruhusiwa. Sili wa Weddell aliyekomaa anaweza kuwa na urefu wa mita tatu na uzito unaopita kilo 400, na meno yake yanauma. Orka hukwepa kichwa. Hutafuta mapezi ya nyuma, wakayashika na kumvuta chini, wakimnyima hewa hadi nguvu zimwishie. Anayetazama kutoka juu haoni mengi hapa: maji yanayozunguka, mkia unaopita, kisha utulivu.

Yanayofuata hufanyika chini ya maji, nayo hujulikana kwa mabaki. Watafiti walipochunguza masalia ya sili mmoja, walikuta nyama imetenganishwa na ngozi kwa uangalifu, kama mchinjaji mzoefu anavyomchuna mbuzi. Orka hawana mikono. Kazi hiyo yote imefanywa kwa meno, na kwa kuvutana kati ya mmoja na mwenzake.

Watoto huwapo tangu mwanzo hadi mwisho. Huogelea ubavuni mwa mama zao, na wakati mwingine humo humo kwenye mstari unaoliendea bapa. Orka huishi miaka mingi na makundi yao hukaa pamoja, hivyo mtoto hushuhudia kuchungulia, kusukuma, kujipanga na kurudia mara nyingi kabla ya kutegemewa. Orka wa sehemu nyingine za dunia hawawindi hivi: wapo wanaokula samaki peke yake, na huko Península Valdés nchini Argentina wapo wanaojitupa ufukweni kukamata watoto wa simba-bahari. Kila jamii ina kazi yake, na huifunza kwa wakubwa wake.

Wenye kazi hii ya mawimbi magharibi mwa Rasi ya Antaktika ni wachache. Watafiti wanaowatambua mmoja mmoja kwa picha za mapezi na mabaka yao wamewahesabu kuwa karibu 100 tu, na idadi yao imekuwa ikishuka. Barafu ya bahari upande huo wa Antaktika nayo imepungua. Jicho, mstari, mpigo wa mikia na subira ya kurudi kuanza upya vyote vinahitaji bapa linaloelea na sili juu yake. Sili akilala ufukweni kwa kukosa barafu, wimbi bora kuliko yote litaishia kwenye mawe.