Nani Alimwambia Atoe Kizuizi?

Tuanze na kizuizi, kwa sababu kukitoa ndiko kulikoharibu kila kitu. Mliofuatilia bruda ya jirani yetu hapa Iringa tangu katikati ya Mei, wengine kwa kupita uani kwake jioni, wengine kwa picha alizokuwa akitutumia simuni, mnakumbuka mpangilio wake. Duara mbili za hadibodi zimegusana. Upande huu vifaranga chotara mia moja, upande ule bata Pekini ishirini wa umri uleule, katikati kipande kimoja cha hadibodi. Kila upande ulikuwa na balbu yake. Usiku mmoja umeme ukakatika, vifaranga wakiwa na siku kumi na mbili. Akawasha jiko moja la mkaa, akachomoa kizuizi, akaibana duara ili mkaa usiishe haraka, akawachanganya wote. Na ili bata wasijisikie wageni, akawawekea karai la maji.

Ulikuwa uamuzi mbovu. Nimesikia waliomtetea wakisema alibanwa na giza. Mimi nasema giza lilimpa njia mbili, akachagua ile iliyoua.

Mengine aliyafanya vizuri: alipasha bruda joto kabla maboksi hayajafika, hakuacha kona hata moja, na kideri alichanja siku ya saba bila kukumbushwa.

Sasa turudi kwenye karai. Bata hanywi kama kuku. Kuku anadonoa tone, anainua kichwa, anameza, anaondoka. Bata anataka azamishe mdomo mpaka juu ya matundu ya pua, maana asipofanya hivyo pua inaziba kwa unga wa chakula na macho yanaganda. Akishazamisha anatikisa kichwa, na kila aliye jirani naye analowa. Kisha anakwenda kwenye chakula na mdomo unaotiririka, anachota, anarudi majini kusuuza. Hayo ndiyo maumbile yake na hakuna wa kumlaumu. Wa kulaumiwa ni aliyejua hayo, maana wiki nzima alikuwa akilalamika kwamba upande wa bata maranda hayakauki, halafu akaondoa kitu pekee kilichozuia ule ulowevu usivuke.

Tena chombo chenyewe kilikuwa karai! Bata wa umri ule anahitaji maji ya kuzamisha mdomo, si ya kuzamisha mwili. Anayetotolewa kwa mashine hana mama wa kumpaka mafuta ya manyoya, na tezi yake mwenyewe iliyoko juu ya mkia haijaanza kazi ya maana mpaka akaribie wiki nne. Ukimtumbukiza kwenye karai usiku wa baridi analowa hadi kwenye ngozi, anatetemeka, anatafuta moto. Bata ishirini walitoka karaini wakatafuta moto, na moto ulikuwa mmoja.

Hapo ndipo uzito ulipoamua. Pekini wa wiki mbili ameshavuka nusu kilo. Chotara wa wiki mbili hajafika robo. Bata walilizunguka jiko kwa vifua vyao, wamelowa, na vifaranga wakasukumwa nyuma kwenye maranda yaliyoloa na kwenye ukingo wa duara iliyobanwa. Kifaranga mwenye baridi hana akili nyingine ila kuingia chini ya mwenzake, na mwenzake naye anaingia chini ya mwingine. Asubuhi waliokotwa kumi na saba, wote upande mmoja. Wengi wao hawakuuawa na baridi yenyewe. Walikandamizwa wakakosa hewa.

Kuna atakayesema duara ingekuwa pana kila mmoja angejichagulia mahali pake. Kweli. Katika bruda pana yenye moto katikati, mwenye joto anasogea nje na mwenye baridi anasogea ndani. Lakini yeye aliibana. Na hata ingekuwa pana, mahitaji yao yalishaanza kuachana. Kifaranga wa kuku anaanza wiki ya kwanza na nyuzi 32 hadi 35, kisha unampunguzia kama nyuzi tatu kila wiki. Bata anaanza chini kidogo ya hapo na anashuka haraka zaidi. Akifika wiki ya tatu au ya nne, kama ni mkavu na hakuna upepo, moto unaweza kuuondoa. Kwa hiyo kati ya makundi yale mawili, lililoweza kuvumilia usiku ule bila jiko lilikuwa la bata.

Njia ya pili, ile aliyoiacha, ndiyo hiyo. Kizuizi kibaki, bata watoke. Watoe uwaweke kwenye boksi kubwa ndani ya nyumba, maranda makavu ya kina cha kiganja, dumu la lita tano la maji ya moto lililofungwa gunia katikati yao, maji ya kunywa yaondolewe mpaka asubuhi pamoja na chakula, maana bata akila bila maji anaweza kukabwa. Jiko lote liwe la kuku, hewa ikipita ili moshi na ile hewa ya sumu ya mkaa isiwamalize. Dumu lile lilikuwepo. Tumeliona kwenye picha zake mwenyewe, limeegemea ukuta.

Na alikuwa na kipimajoto! Saa sita usiku alitutumia picha yake kwa fahari: nyuzi 31. Nimeandika juu ya vipimajoto mpaka nimeitwa mgomvi, na nitaandika tena. Kile cha kwake kilining'inia usawa wa kifua cha mtu, juu ya jiko. Kilipima joto la hewa inayopanda kwenda darini. Kipimajoto hukaa usawa wa mgongo wa kifaranga, pembeni, mahali wanapolala. Na hata kikikaa sawa, unachokisoma kwanza ni vifaranga wenyewe: wakitawanyika na kunong'ona, joto linatosha, wakikimbilia ukingoni na kutanua midomo, limezidi, wakirundikana na kupiga kelele kali, limepungua. Chini ya picha ile ya nyuzi 31, kwa waliotazama vizuri, kulikuwa na rundo.

Wamisri walitotoa vifaranga kwa maelfu katika matanuri yao ya matofali ya udongo, moto ukiwa wa samadi na makapi, bila kipimajoto chochote. Mtotoaji alichukua yai akaligusisha kwenye kope ya jicho lake, akajua. Réaumur, yule Mfaransa aliyeacha kipimo cha joto chenye jina lake, aliandika kitabu mwaka 1749 akijaribu kuwafundisha Wafaransa kufanya yale ambayo wanakijiji wa Misri walikuwa wakiyafanya kwa kope.

Wala hatuhitaji kwenda Misri. Bibi zetu walilea kuku na bata pamoja na hawakuokota kumi na saba asubuhi. Waliatamisha mayai ya bata chini ya kuku, na kwa kuwa bata wa kawaida huchukua siku 28 na kuku 21, waliweka ya bata kwanza, wiki moja baadaye wakaongeza ya kuku, wote wakaanguliwa siku moja. Bata bubu, yule wa uso mwekundu anayechukua siku 35, walimwacha aatamie mwenyewe. Kuku aliyeatamia ana joto lisilokatika, na watoto wanaingia na kutoka chini ya mbawa wanavyotaka. Maji waliyapa kwenye kigae chembamba chenye kokoto, mdomo uingie na mwili ubaki nje. Dimbwi lilisubiri manyoya. Nani leo anaweka kokoto kwenye chombo cha maji? Tunanunua balbu nyekundu, tunanunua glukosi, tunaweka antibiotiki kwenye maji ya siku ya kwanza kabla ya ugonjwa wowote, na kokoto ya bure tunaiona ushamba.

Madhara ya kutoa kizuizi hayakuishia asubuhi ile. Maranda yaliyolowa yalibaki siku nne. Sitaki kusikia kwamba maranda ni ghali, si kwa mtu wa Iringa, tunaoishi karibu na Sao Hill na mashine zote za mbao za Mufindi. Gunia la maranda hapa ni kitu cha kuomba. Katika siku nne zile vijidudu vya kuhara damu vilipata vyote vinavyovihitaji: unyevu, joto na hewa. Kinachotoka kwenye kinyesi cha kuku hakiambukizi palepale. Lazima kwanza kikomae nje, na kwenye tandiko lenye joto na maji siku mbili zinatosha. Kifaranga akikimeza, baada ya siku tano au sita unaona damu. Jirani alipopiga simu kuuliza kwa nini kinyesi kimekuwa chekundu, tarehe zilishajibu. Kuku na bata hawaambukizani ugonjwa huu, kila mmoja ana vijidudu vyake. Bata hakuleta ugonjwa. Alilowesha tandiko tu, na hilo lilitosha. Dawa ya amproliamu ilisaidia, lakini tisa zaidi walikufa kabla haijafanya kazi.

Chakula nakipitia haraka. Bata walikula stata ya kuku muda wote, na stata hiyo haina niasini ya kuwatosha. Bata anahitaji kama miligramu 55 katika kilo ya chakula, kuku kama nusu ya hapo au zaidi kidogo. Wawili wamepinda miguu. Dagaa waliosagwa na chachu kidogo kwenye chakula vingezuia.

Nilimwendea jirani. Nilimkuta anakwangua sakafu, na kabla sijakaa akasema, "Mzee, shikamoo. Najua utakachosema. Lakini Marekani wanawalea pamoja, nimeona kwa macho yangu, vifaranga na bata kwenye beseni moja, na wanakua."

"Marahaba. Uliona mwezi gani?"

Hakujua. Nilimwambia ni Machi au Aprili, na huko hayo ni majira ya kuchipua. Maduka ya pembejeo yao huuza vifaranga na bata msimu huo kwa sababu yenye hesabu ndani yake. Kila wiki unapompunguzia kifaranga nyuzi tatu, nje hali ya hewa inaongeza zake. Mnakutana katikati. Kifaranga wa Aprili akifika wiki ya sita anatoka kwenye jua la kiangazi chao, na kosa dogo la bruda linasamehewa na msimu. Na hata huko wafugaji makini huwatenga mapema. Zile picha za beseni moja ni za siku chache za mwanzo, bata wakiwa bado wadogo na maji yakiwa kwenye kichombo chembamba.

Yeye aliingiza vifaranga katikati ya Mei. Iringa katikati ya Mei ni mlango wa kipupwe. Kila wiki aliyopunguza joto la bruda, nje nako kulikuwa kunapungua, mpaka Juni na Julai ambapo usiku unashuka chini ya nyuzi 15 na upepo unapenya kila ufa. Alikuwa anateremka ngazi huku sakafu nayo ikiteremka. Katika msimu wa namna hiyo huna akiba ya kosa, na kosa la kwanza alilofanya lilikuwa kubwa kuliko yote. Wakala aliyemuuzia vifaranga na bata kwa mkupuo mmoja, akamhakikishia kwamba "wanaendana," hakumuuliza swali hata moja juu ya msimu wala chumba. Mawakala wa aina hiyo nimewasema miaka mingi na sijapata sababu ya kuacha.

Majira yetu ya kuchipua yapo, ila hayaanzi Machi. Kwa nyanda hizi yanaanza mwisho wa Agosti. Septemba joto linapanda, Oktoba linapanda zaidi, ardhi ni kavu, mvua bado ziko mbali. Kifaranga wa mwisho wa Agosti anapunguziwa moto huku jua likimwongezea, kama wale wa Aprili wa Marekani, na Krismasi inamkuta na wiki kumi na sita, wakati ambao chotara dume ana bei.

Nasikia wengi mmeshaagiza kwa ajili ya Krismasi, na baadhi mmeagiza na bata wa kuonja. Bata waje. Lakini muwaandalie chumba chao kabla boksi halijafika, chombo cha maji kiwe chembamba na kiwe juu ya wavu wenye beseni chini ya kupokea yanayomwagika, maranda yaongezwe kila jioni, na dumu la maji ya moto liwe karibu. Umeme ukikatika, atakayehamishwa ni bata. Kizuizi hakiguswi.